Vakansi Nyanya Alipokuwa Jirani

Tangu asubuhi situlii. Naketi, nainuka, naenda mpaka mlangoni, narudi. Binti yangu yuko kwenye anekisi, kile chumba cha nyuma ya nyumba, anapika peke yake. Vakansi, hii likizo ya shule, zikiisha atakwenda Bukavu kusoma, akakae kwenye chumba cha kupanga. Harufu ya ndagala, vile visamaki vya ziwani, zinazoungua inanifikia, nami nimejikataza kwenda. Ee rafiki yangu, kumbe kazi hii ni ngumu hivi!

Nami niliwekwa kwenye anekisi nilipokuwa na umri wake, katika parseli, kiwanja cha nyanya yangu, huku huku Uvira, karibu kabisa na ziwa. Alinipa ufunguo, mbabula ya kupikia kwa makaa, sufuria moja na unga wa mihogo, akasema, “Kuanzia leo miye niko jirani yako. Moto na chumvi utaomba kwangu. Namna ya kufanya, hapana.”

Nilidhani anatania. Wapi! Asubuhi alinisalimia kutoka ng'ambo ya kamba ya nguo, “Jirani, umeamuka?” kisha akaendelea kutwanga sombe yake, majani ya mihogo. Upepo wa ziwa ulinisumbua na makaa, na bugali wangu wa kwanza ulijaa mabonge yenye unga mkavu ndani. Niliula nikilia. Mwanamke aliyenilea tangu mama afariki ananiita jirani! Nilimchukia, nakwambia kweli. Nilipofua shati jeupe la shule pamoja na kitenge kipya, likatoka jekundu-jekundu, alilitazama kwenye kamba akajifanya anakohoa.

Jioni akaja. “Hodi, jirani. Naomba chumvi.” Nikavimba kichwa, nikampimia kijiko kizima, wala sikumkaribisha. Alisimama kidogo mlangoni, akatazama sufuria, kitanda, mikono yangu, akaondoka. Kesho yake akarudi, na keshokutwa. Nikawa najiuliza, huyu mzee anapika chumvi tupu? Vakansi zilipoisha nilikuwa najua kukinga mbabula nyuma ya ukuta na kusonga bugali laini. Siku niliyorudi jikoni kwake nilikuta kopo lake la chumvi limejaa mpaka juu. Nikacheka, basi.

Nyanya hayupo tena. Ziwa limepanda, limeingia kwenye parseli yake, anekisi imebomoka, na pale tulipoanika nguo sasa watoto wanaogelea. Nikipita pale naumia, halafu naharakisha.

Sasa harufu imezidi. Chumvi ninayo, nimenunua jana. Lakini nimeshika kisahani kitupu, nimevuka ua.

“Hodi, jirani.”

Mlango umefunguka nusu. Macho yake mekundu kwa moshi, masizi kwenye shavu.

“Unataka nini, jirani?”

“Chumvi.”

Amenipimia kijiko kizima. Nimesimama kidogo, nimeona kidonda kipya cha moto kwenye kidole chake.

“Asante, jirani,” nimesema. Hajanikaribisha. Nimerudi jikoni kwangu, nimeimimina ile chumvi kwenye kopo lililojaa, ikamwagika mezani, nami nikakaa nikamlilia nyanya yangu.