Karafuu Maiti Kibarazani

Juzi nilikwenda Nachingwea kuangalia chumba kipya cha chama cha wapenzi wa viumbe na mimea. Msemaji wao alisema chama kilianzia pale mjini. Si kweli. Kilianzia Lionja, kibarazani kwetu, na kasha lao la vipepeo waliokaushwa lilipofunguliwa, harufu yake ilinirudisha huko.

Baba alikuwa na homa kali. Nilirudi kutoka madrasa mchana nikakuta ua umenyamaza, harufu ya karafuu maiti imetanda mpaka jikoni. Mtoto gani wa kwetu asingeijua? Ndiyo wanayowawekea wafu wakishaoshwa. Kibarazani, baba mdogo na wageni wawili walikuwa wameinamia shuka jeupe, bonge la pamba pembeni, wakinong'ona.

"Usiingie ndani," baba mdogo aliniambia. "Baba yako kalala."

Nilikaa kizingitini nikisubiri kusikia kikohozi chake. Nilisikia kuku tu. Leo najua walinong'ona ili wasimwamshe. Siku ile machozi yalinitoka bila sauti.

Mara mlango ukalia. Baba alitoka, ameshika ukuta.

"Mama, unamlilia nani?" aliniuliza.

Akanivuta hadi kwenye shuka. Juu yake walikuwa wamepangwa vipepeo, wa kwanza wa chama kile, mabawa wazi. Akanieleza kwamba karafuu maiti inawafukuza wadudu wasiwale.

Miaka mingi baadaye baba alifariki. Harufu ile ilipotoka chumbani kwake, kabla sijalia, nilikimbilia kibarazani kutafuta vipepeo.