Mpaka Velo Ifike

Siku ile Mwenya alikuwa anakoroga chumvi kwa ajili ya watoto wa watu, na wake mwenyewe anaikosa.

Alisimama kando ya barabara ya Mokambo, mwezi wa kumi, jua limekasirika mpaka mbwa wamenyamaza. Mbele yake pipa la maji, sukari, chumvi na mwiko wa bukari, ugali wa kwetu. Wapanda baiskeli, velo tunasema sisi, walikuwa wanatoka Mokambo, waingie Lubumbashi kesho yake, ili watu wajue ugonjwa unaoitwa mucoviscidose: ule unaojaza mapafu ya mtoto makohozi mazito kama uji uliolala, na kumtoa chumvi ya mwili kwa jasho. Mwenya hakuhitaji kujulishwa. Kiki, binti yake, alizaliwa nao. Ukimbusu kwenye paji la uso, midomo yako inabaki kama umelamba samaki mkavu. Kabla daktari hajautaja ugonjwa huo, majirani wa mtaa wa Katuba walikwisha kuutaja wao: uchawi. Majirani wana haraka kuliko daktari.

"Mwenya, utamaliza chumvi yote!" alisema Simone, mama wa mtaa wa Golf aliyewaongoza wenye kujitolea. "Banaenda kunywa mayi ama kupika mboga?"

"Mama Simone, bale banatoka jasho. Weye uko mu kivuli."

Wakacheka. Mwenya akachukua simu ampigie mama mkwe wake, Angélique, aliyebaki na mtoto.

"Ba mama, Kiki iko namna gani?"

"Iko analala. Alitapika. Na miguu inamukaza."

"Alikula nini?"

"Bukari na majani ya sombe."

"Na chumvi?"

Kwenye simu zikasikika sauti za wanawake wanaoimba.

"Ba mama, mulitia chumvi?"

"Tuko mu kufunga, mutoto wangu. Banamuke bote ba maombi. Tulilapa: hakuna chumvi mu nyumba mpaka velo ifike Lubumbashi. Juu ya Kiki njo tunafunga! Yeye mwenyewe alisema amina."

Kufunga chumvi si jambo geni kwetu. Ukitaka Mungu akusikilize, unakula chakula kisicho na ladha, unavumilia. Mtu mzima anavumilia. Mwenya alikuwa amemwonyesha mama mkwe dawa zote, hii asubuhi, hii kabla ya chakula. Chumvi hakuitaja. Nani anamwambia mwanamke aliyezeekea jikoni atie chumvi kwenye mboga?

"Chumvi njo dawa yake, ba mama! Tia mu mayi na sukari, umupatie sasa hivi!"

"Nivunje kiapo? Mutoto akufe juu yangu?"

"Anakufa juu yako sasa!"

Neno likatoka. Simu ikakatwa. Akapiga tena, haikushikwa. Bwana yake, Ruphin, alikuwa mgodini, chini ya ardhi huko Kipushi, mahali simu haishuki. Jirani Clotilde, simu imezimwa. Jeep ya wenye kujitolea ilikuwa imempeleka hospitali kijana mmoja aliyeanguka. Simone akaanza kuita taksi, na taksi yenyewe lazima kwanza itoke mjini.

"Mama Mwenya, panda," alisema Désiré, ameshika baiskeli yake.

Huyu Désiré ni mtu wa makala, makaa ya kupikia, wale wanaosukuma baiskeli zenye mifuko mirefu kuliko wao. Leo alikuwa amejitolea kubeba madumu ya maji.

"Na huu mwili wote?"

"Nabebaka makala. Tofauti ni moja: makala haisemake."

Akapanda nyuma, amekumbatia bidoni, dumu dogo la maji ya chumvi. Kilimani Désiré alipumua kama mvukuto. Mwenya hakumhurumia. "Kanyaga! Kanyaga, ba Désiré!" Kichwani alimwona Kiki ananyauka kama jani la matembele juu ya bati. Na alimjua mama mkwe wake: akilapa, hata askari hamgeuzi. Atasimama mlangoni. Wataanza kuvutana, na mtoto atakauka katikati yao.

Macho yake yakaangukia usukani. Palikuwa na kitambaa cha safari, kile walichofungiwa wapanda baiskeli wote.

"Ba Désiré, hii velo iko ya course, pamoja na zile zingine?"

"Si unaona kitambaa?"

"Basi usisimame ku mulango. Ingia nayo mu parcelle, mpaka ndani ya uzio."

Wakaingia nayo, katikati ya wanawake wa maombi wanaoimba wakipiga mabeseni. Kiki alilala kwenye mkeka, midomo imepasuka, macho yameingia ndani. Mwenya akamwita. Hakuitika. Angélique akasimama mbele ya mkeka, mikono imetanda.

"Ba mama, velo imefika," alisema Mwenya. "Katuba haiko Lubumbashi? Mwangalie. Velo imefika, kufunga kumekwisha."

"Tulisema mavelo yote," mmoja wa waimbaji akanong'ona.

Angélique alikitazama kitambaa, akalitazama gurudumu, akamtazama mjukuu wake.

"Nyamaza weye," akamwambia yule. "Njo weye ulilapa ama miye?"

Akapiga magoti, akalichukua bidoni yeye mwenyewe. Kijiko cha kwanza alichomnywesha mtoto kilirudi. Cha pili kilirudi. Désiré alikwisha kuigeuza baiskeli.

"Hospitali," alisema. "Leteni."

Bibi akamfunga mtoto mgongoni mwa Mwenya kwa kitenge chake mwenyewe, akabaki na nguo ya ndani, hakujali. Mwenya akauvuta mkono wa Kiki mdomoni, akaubusu. Mkavu. Hakuna chumvi.

Wakatoka. Angélique, mzee wa watu, alikimbia pembeni miguu mitupu, bidoni mkononi, akimtilia mtoto maji kinywani kila Désiré alipopunguza mwendo, akiwapigia watu kelele:

"Velo imefika! Mutoke mu njia! Velo imefika!"

Begani mwake Mwenya akasikia koo dogo likimeza. Mara moja.

Akangoja mara ya pili.