Pikipiki Iliyozibwa Pumzi

Walisema sitamaliza msimu mmoja wa mvua. Walisema mtu aliyejifunza ufundi akiwa amekaa kwenye kiti, mwenye stashahada iliyowekwa kwenye fremu, atashika spana kama anavyoshika kalamu. Walisema nimerudi Mugumu kwa sababu mji umenitapika, na kwamba gereji yangu kwenye barabara ya Manchira itakuwa banda la kuku kabla mahindi hayajakomaa. Nawaandikia na hao pia. Najua baadhi yao watasoma huku pikipiki zao ziko uani kwangu.

Ni kweli nilirudi, lakini hakuna aliyenifukuza. Nilifanya kazi kiwandani Dar es Salaam, nikitengeneza pampu na mashine za upepo, mpaka nikaona kwamba ujuzi wangu unawatajirisha watu wasiojua hata jina langu. Nikasema, kama ni kutajirisha mtu, basi nianze na mimi mwenyewe, na nianzie kwetu.

Sikuwa na vifaa. Watu watatu ndio walionikopesha. Shangazi yangu wa Tarime, anayeuza vitenge, alinipa fedha za kodi na mabati. Shemeji yangu wa ng'ambo ya mpaka, Migori, alinipa sanduku zima la spana kwa makubaliano kwamba nitamlipa kidogo kidogo. Wa tatu ni mzee wa Busawe, wa rika la marehemu baba. Huyu alinipa mtamba, nikamuuza mnadani na kununua kompresa. Kwetu mkopo wa ng'ombe si jambo la kunong'onezana. Mzee alisema mbele ya watu: "Mura, kijana wangu, vuli ikianza sijaona mtamba kwenye boma langu, hiyo mashine yako naipakia kwenye mkokoteni. Na wewe urudi ulikotoka."

"Sawa, baba," nikamjibu. Sikubembeleza.

Masika ikaingia, nami sina wateja. Nilikuwa naziba pancha tu. Ndipo asubuhi moja akaja mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, anasukuma pikipiki yake, nyuma yake wenzake wamekuja kutazama sinema.

"Injinia, shikamoo!" alisema kwa kejeli, maana ananizidi umri.

"Marahaba, mwanangu."

Wenzake wakacheka hadi wakashikana mabega. Yeye hakucheka.

"Inavuja oili," alisema.

"Inavuja wapi?"

"Uliza isipovuja. Nimebadilisha gasketi kwa kila fundi wa mji huu. Nikifika Kenyamonta na kurudi, kiatu kimelowa tena. Sasa niambie kitabu chako kinasemaje."

Sikufungua kitabu wala injini. Niliiwasha, nikaiacha iungurume, kisha nikalegeza kifuniko cha kujazia oili. Hewa ikatoka kwa kishindo na kunirushia oili hadi kwenye paji la uso. Wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimeshapata jibu. Injini ile ilikuwa imezibwa pumzi.

Kila injini ina mpira mwembamba wa kupumulia. Moshi na joto vinavyopenya kando ya pistoni hushuka kwenye tumbo la injini, na lazima vipate mlango wa kutokea. Vikikosa mlango, vinasukuma oili kwenye kila gasketi na kila sili, ile pete ya mpira inayozuia oili, hata ingekuwa mpya. Nilipiga goti, nikaufuata mpira ule kwa kidole mpaka mwisho wake, chini karibu na mnyororo. Nikachomoa kipande cha gunzi, kimechongwa vizuri kama kizibo cha kibuyu.

"Nani aliweka hiki?"

"Mimi," alisema mwenyekiti, bila aibu. "Mito imejaa. Tukivusha pikipiki, maji yasiingie. Sisi wote tunaweka."

"Na ukishavuka?"

Mmoja nyuma akamjibia: "Akishavuka anadai nauli!"

Basi nikamwambia ukweli wake wote. Kwanza, gunzi. Pili, alikuwa anapima oili pikipiki ikiwa imeegemea stendi ya pembeni. Oili inakimbilia upande mmoja, kijiti cha kupimia kinaonyesha kwamba imepungua, naye anaongeza. Injini ilikuwa imejazwa kama mtungi, ndiyo maana mpira ulikuwa unatema oili hata kabla ya kuzibwa. Mafundi waliobadilisha gasketi walikuwa wanafunga bandeji kwa mtu anayenyongwa.

Niliisimamisha wima, nikapunguza oili mpaka kwenye alama. Nikaweka sili mpya na gasketi mpya, bila kuipaka silikoni kama keki ya harusi. Mpira wa kupumulia niliupandisha juu chini ya tangi, maji ya mto yasikofika, nikauingiza kwenye chupa tupu ya dawa ya mifugo niliyoifunga chini ya kiti. Kifuniko cha chupa nilikitoboa ili hewa itoke na oili ibaki.

"Hii chupa ni ya kuogeshea ng'ombe," mwenyekiti alilalamika.

"Nenda Kenyamonta na mzigo. Pita mtoni. Ikivuja, nafunga gereji leo hii, na bango langu unalichukua ukaezekee choo."

Nilisema hayo kwa sauti, kila mtu asikie. Nilijua kilichokuwa hatarini: kompresa, jina langu, na kicheko cha mji mzima. Lakini sikuwa nabahatisha. Mimi najua kazi.

Alirudi alasiri, matope hadi kiunoni. Aliinama, akapangusa tumbo la injini kwa ncha ya shati lake. Akaitazama ncha ile. Akapangusa tena upande wa pili.

"Tope tu," alisema mmoja wa wenzake.

"Tope tu," akarudia mwenyekiti. Kisha akaniuliza, taratibu, kama kesho naweza kupokea pikipiki nyingine.

Zilikuja. Nilichomoa magunzi, vijiti, vipande vya ndala. Nikavitundika vyote kwenye waya mbele ya gereji ili wapita njia wavione. Fundi wa jirani, aliyekuwa ananicheka kuliko wote, naye alianza kufunga chupa za dawa ya mifugo. Ila alisahau kutoboa vifuniko. Pikipiki zake zikaja kwangu.

Mvua za vuli zilikuwa bado hazijaanza nilipowaita wakopeshaji wangu wote Busawe, kwenye boma la mzee. Deni la ng'ombe hulipwa kwa ng'ombe, langoni, watu wakiona, nami nilitaka na madeni mengine yalipwe mbele ya macho hayohayo. Nilimkabidhi shemeji chake, akahesabu na kufutika mfukoni. Nilimkabidhi shangazi chake.

"Umenitoa Tarime nije kushuhudia ng'ombe wa mtu?" alilalamika, huku anacheka.

Kisha nikamwingiza mtamba langoni. Mzee alimzunguka, akamshika kwato, akamfungua mdomo, akampapasa mgongo. Alitafuta kasoro kwa muda mrefu.

"Huyu ni mkubwa kuliko wangu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, baba."

"Sikukuomba riba."

"Hujapewa riba. Nimemchagua mkubwa ili mtu asije kusema nililipa pungufu."

Mzee akamsukuma mtamba ndani, akafunga lango, akawageukia waliosimama pale. "Mmeona?" akawauliza. Mimi nikarudi Mugumu, pikipiki zilikuwa zinanisubiri uani.