Hakuna Dhahabu Katika Hadithi ya Juliana

Mimi ni fundi cherehani. Mtu akileta suruali nimpunguzie kiuno, analipa, hata kama ataomba punguzo mpaka nichoke. Hajatokea mteja aliyechukua nguo yake, akanitazama usoni akasema, "Una kipaji, Mama Esta, Mungu akuzidishie," kisha akajiondokea. Siku akitokea nitamfuata na mkasi. Jirani yangu Juliana aliambiwa maneno hayo miaka yote aliyoandika hadithi, na waliomwambia walijiona wamemtendea wema.

Tulipanga nyumba moja hapa Katoro, milango inatazamana. Alikuja kutoka Ushetu, kwao ni wakulima wa tumbaku, akiwa na mume na mtoto wa kike wa mgongoni, Blessing. Mume alisikia kwamba huko Chunya kunatema, maana yake dhahabu inatoka, akaenda, na habari zake zikaishia hapo. Juliana akaingia kwenye kazi inayowapokea wanawake wote waliokwama mji huu: kuponda mawe. Wanaume wanayatoa kwenye maduara, ndiyo mashimo yao ya kuchimbia, yanamwagwa chini ya turubai, na wanawake wanayavunja kwa nyundo mpaka yaweze kuingia kwenye karasha kusagwa. Vumbi lake ni laini kuliko unga wa sembe. Wanalivuta kutwa nzima wakiwa wamejifunga khanga puani, na khanga haizuii kitu.

Baada ya miaka kadhaa akaanza kukohoa. Hospitali wakampiga picha ya kifua, na daktari akamweleza bila kumzungusha: vumbi limekaa kwenye mapafu na hakuna dawa ya kulitoa. Akiacha kuponda, ataishi hivyo hivyo na alichonacho. Akiendelea, asishangae. Alirudi akakaa kwenye kigoda changu, akaniuliza akiacha nyundo Blessing atakula nini.

"Si unaandika?" nikamwambia. "Hao wanaokusifia wakulipe."

Alikuwa anaandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, jioni akishaosha vyombo. Hadithi aliyokuwa nayo wakati huo aliiita Kilima cha Nzagamba. Ilimhusu msichana aliyeitwa Mageni, aliyejifanya mwanamume ili ashuke duarani, maana hapa kwetu mwanamke haruhusiwi hata kusogelea mdomo wa duara, wanasema dhahabu itakimbia. Alikuwa anairusha sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, na niseme kweli, ilikuwa tamu. Mimi niliunguza gauni la mteja kwa pasi kwa ajili ya huyo Mageni. Wachimbaji walikuwa wakitoka chini, kabla hata ya kunawa, wanauliza kama sehemu mpya imetoka. Wauguzi walisoma, bodaboda walisoma, mpaka watu wa Tinde ambao hawajawahi kumwona walikuwa wanampigia simu kumwomba Mageni asife.

Basi akaandika tangazo la adabu. Kuanzia sehemu inayofuata, anayetaka kusoma atume elfu moja kwenye namba hii. Akaeleza na habari ya kifua chake, ingawa mimi nilimkataza.

Majibu nilisomewa nikiwa napiga pasi. Mmoja alisema ameanza kuvimba kichwa. Mwingine akauliza maneno anayanunua duka gani mpaka ayauze. Dada mmoja mlokole akamwandikia kwamba kipaji amepewa bure na Mungu, naye atoe bure. Wengi walimpa pole ya kifua, wakaweka na vile vimikono vya kuomba, halafu chini yake wakauliza sehemu mpya inatoka lini.

Aliyelipa alikuwa mmoja tu, Fredy, mwenye kibanda cha kuingizia watu nyimbo na sinema kwenye simu. Juliana alifurahi, akamtumia haraka. Fredy akaisoma kwa sauti, akairekodi, akaweka na muziki wa huzuni nyuma yake, akawa anaiuza mia tano. Foleni ya kibandani kwake ikafika barabarani. Tulimfuata wote wawili.

"Fredy, hiyo ni kazi yangu," Juliana akamwambia.

"Dada, mimi nakukuza. Kabla yangu nani alikuwa anakujua kule Nyarugusu?"

"Wakinijua nitakula huko kujulikana?"

"Sasa mimi nimekosea nini? Ninauza sauti yangu, umeme wangu na muda wangu. Maneno yako sijayatoza hata senti."

Wateja kwenye foleni wakacheka, wakamwambia Juliana asiwe na roho mbaya. Kesho yake alirudi kwenye nyundo, nusu siku, ili chakula kisikatike. Nilimsikia akikohoa chumbani kwake, nikawalaani wasomaji wote wa mji huu mmoja mmoja kwa majina yao.

Ndipo akaamua jambo. Mwisho wa hadithi alikuwa ameshauandika, lakini akatangaza kwamba hautaenda kwa mtu yeyote, awe Fredy awe nani, mpaka walipe watu wa kutosha. Wakanuna. Kisha mchimbaji mmoja, akiwa amekaa kibandani, akauliza kwa nini mwanamke aliyetoa hadithi nzima bure afiche mwisho tu. Kuna nini huko mwisho?

Lilikuwa swali la kijinga, na mji huu unayapenda maswali ya namna hiyo. Watu wakakumbuka kwamba Juliana ameponda mawe ya kila duara la eneo hili, kwa hiyo anajua mawe yepi yana mali na yametoka wapi. Wakakumbuka kwamba kilima cha Mageni kina majabali matatu yaliyoegemeana, na kilima cha namna hiyo kipo kweli, njia ya kwenda Chato, kila dereva anakijua. Wakaona mambo yamekaa wazi kabisa: hadithi ni kifuniko, na mwisho ndio umetaja mahali dhahabu ilipo.

Asubuhi moja simu ya Juliana ikaanza kuingiza meseji za fedha. Elfu moja, elfu moja, elfu moja, hata walokole, hata watu ambao hawajawahi kumjibu salamu. Alikuja kwangu anakimbia huku amevaa kandambili moja.

"Mama Esta, wamelipa! Wameelewa!"

Tulicheza uani, nikapiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kwa nini wote walipe siku moja. Akalipa kodi iliyokuwa imelala, akanunua dawa, akamnunulia Blessing viatu vya shule, akatuma mwisho kwa kila aliyelipa, kwa moyo mweupe. Katika mwisho huo Mageni anauona mshipa wa dhahabu, anakumbuka waliofia mle ndani, anafukia duara kwa mikono yake na kuondoka mikono mitupu. Anayaacha majabali matatu mgongoni, anatembea kuelekea jua linapotoka, hageuki nyuma. Mimi nililia. Wao walichukua koleo.

Na kwa mara ya kwanza tangu Juliana aanze kuandika, hakuna aliyemrushia mwenzake bure. Kila mtu aliificha sehemu ile kana kwamba ni namba yake ya siri. Haikusaidia, maana walikutana wote kilimani. Walichimba upande wa mashariki wa majabali, mamia ya watu, bila leseni, bila magogo ya kushikilia kuta. Juliana alikodi pikipiki akaenda kuwapigia kelele kwamba Mageni hayupo, kilima amekitunga, hakuna kitu pale. "Sawa, mwandishi, tumekuelewa," wakamjibu, wakakonyezana. Aliporudi akaandika hayo hayo kwenye makundi yote. Wakasema anataka kubaki na dhahabu peke yake.

Boaz alikuwa bodaboda, mtu mpole, ndiye aliyekuwa anamwita Juliana "mwandishi wetu" akipita mlangoni. Hakuwahi kuchimba maishani mwake. Aliuza pikipiki yake akanunua vifaa akashuka, ukuta ukamwangukia, na walipomtoa alikuwa ameshakufa. Mazishi yalipokwisha, na hakuna aliyepata hata punje, hasira zote zikahamia mlangoni kwetu. Walitaka fedha zao. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Theonest, akaitisha kikao.

Siku moja kabla ya kikao, mchana, alikuja Donatus, mwenye maduara mawili na karasha. Alikuwa amechuma vizuri kule kilimani kwa kuuza maji ya kunywa. Alikaa uani kwetu kwa heshima, akamsalimia kila mtu.

"Mama Blessing, kesho ukiulizwa, sema ni kweli, ila walikosea upande," alisema. "Taja kilima chochote kile. Watakuamini. Mimi nitahamishia huko karasha na maji, na fungu lako nitakuletea kila wiki. Nyundo hutaishika tena maisha yako."

"Na watakaofukiwa?"

"Wachimbaji wanafukiwa hata pasipo wewe."

Alipoondoka nilimwambia Juliana akubali. Sioni aibu kusema, mimi ningekubali. Mji uliokataa kumlipa kwa ukweli umlipe kwa uongo, kuna ubaya gani? Alikuwa anamsuka Blessing nywele, akasuka mpaka mwisho.

Kikao kilijaa mpaka nje ya ofisi. Juliana alisimama mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Blessing. Nakuuliza swali moja, ujibu mbele ya watu. Hicho ulichowauzia hawa ni habari ya kweli au ni hadithi?"

Donatus alikuwa amesimama dirishani. Niliona watu wanasogea mbele, wameshachangamka, wako tayari kukimbilia popote atakapotaja. Angesema neno moja tu angekuwa tajiri kwa mwezi mzima.

"Ni hadithi," Juliana akasema. "Niliitunga mimi. Mageni nimemtunga, na kilima, na dhahabu yake. Yote ni yangu."

"Kama ni hadithi," mzee akauliza, tena kwa upole, "kwa nini ulichukua fedha za watu?"

Akafungua mdomo, kikohozi kikamtangulia. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Hadithi inauzwa?" Ofisi nzima ikacheka. Fredy naye alikuwemo, anadai elfu moja yake, kwa sababu mwisho ule alilipia kama wengine akaenda kuchimba. Nilisimama nikauliza mia tano zake zile atamrudishia nani. Mzee akanitaka nikae chini, kwamba Fredy aliuza kazi ya kurekodi, na kazi ni kazi.

Ikaamuliwa arudishe kila shilingi. Nilijua hana, na yeye alijua hana. Hapo Donatus akaingia ndani, akasema hawezi kuona mama wa mtoto akidhalilika, akatoa bunda la noti mfukoni akawalipa wote papo hapo, mmoja mmoja. Walimpigia makofi. Ilipokwisha, mzee akamweleza Juliana kwamba sasa anadaiwa na mtu mmoja tu, jambo jema, na kwamba Donatus amekubali alipe kwa kuponda mawe yake, kutwa nzima, mpaka deni liishe. Juliana akasema asante.

Wiki hizi nampelekea uji mchana, kwa sababu hapati nafasi ya kuja nyumbani kula. Amekonda, na akiponda anahema mdomo wazi. Jana nilikuta wenzake wawili, Salome na Ndaki, wanapumzika kidogo, nyuso zao nyeupe kwa vumbi.

"Mama Blessing," Salome akamwambia, "sisi hatukuwa na ya kulipa, mwisho hatukuupata. Hebu tuambie, Mageni aliishia wapi?"

Juliana aliweka nyundo chini. Uso ulimchangamka, na ulikuwa haujachangamka muda mrefu. Akavuta pumzi.

"Mageni alipouona ule mshipa," akaanza, na kikohozi kikamshika. Kilikuwa kirefu. Aliinama mpaka paji la uso likagusa mawe, nikamshika mabega, hakikuisha.

Walisubiri kidogo. Kisha Salome akasema, "Aa, pumzika, dada, usijiumize. Mimi najua. Alipata dhahabu, akajenga ghorofa Mwanza, na mwanamume aliyemwacha akaja kumwomba msamaha."

"Akamfukuza," Ndaki akasema.

"Yaya, hapana! Akamsamehe, bhebhe wewe!"

"Eh, hiyo tamu," Ndaki akakubali, akapiga makofi. "Hiyo tamu kweli."

Juliana alifuta mdomo kwa khanga, akaitazama, akaikunja upande wenye doa jekundu ukae ndani. Msimamizi wa Donatus akawapigia kelele kwamba mawe hayajipondi. Akaokota nyundo yake. Nilipokuwa naondoka na bakuli, Salome alikuwa amefika kwenye harusi ya Mageni, anaeleza gauni lilivyokuwa, na Juliana anaponda.