Kayaki Iliyovaa Makatambuga

Siku yangu ya kwanza kazini niligeuza kopo la rezini kuwa jiwe. Rezini ni gundi nzito ya kutengenezea boti za faiba. Huchanganywa na dawa kidogo ya kuigandisha, kisha hupakwa juu ya mikeka ya nyuzi za kioo, tabaka juu ya tabaka, ndani ya kalibu yenye umbo la boti. Mimi, kijana wa Kanyenye, Tabora, niliyekuwa nimeshuka treni Kigoma jana yake, niliiona ile dawa ni kidogo mno, nikaongeza. Kopo likachemka, likatoa moshi, na brashi ikagandia humo imesimama wima. Msimamizi wa Karakana akalitazama kopo, kisha akanitazama mimi.

"Haraka ya nini, Mnyamwezi? Mzigo haujafungwa, wewe umeshafika Ujiji."

Alikuwa mkali mzee yule, na nilimpenda. Alitufundisha kugonga faiba kwa ukucha na kusikiliza kama kuna hewa katikati ya matabaka, maana penye hewa ndipo boti itakapoanza kuachana. Mteja akija, kabla ya rangi wala bei, alimuuliza: "Chombo chako kinalala wapi?" Alisema boti hukaa nchi kavu saa nyingi kuliko majini. Sisi vijana tulimcheka kisirisiri.

Kutoka Kigoma nilihamishiwa Malagarasi kukarabati boti za doria, chini ya Mkuu wa Kituo aliyependa ugali wa muhogo kuliko mikutano. Mwishowe nikarudishwa karakana ya Tabora. Kwa hiyo kazi yangu yote ilifuata ile njia ya zamani ya misafara. Babu zetu waliipita na pembe za ndovu mabegani, mimi niliipita na boksi la zana.

Nilipokaribia kustaafu, kayaki za plastiki zikaingia madukani mtaa wa Gongoni. Kayaki ni kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, na kafi lake lina bapa pande zote mbili. Zile za plastiki niliziita ndoo. Nilisema hivyo kwa kila aliyenisikiliza, na kwa wengi wasionisikiliza.

Ndipo akaja Kabula, mjane anayevua perege na kambare katika bwawa la Igombe. Mtumbwi wake wa gogo ulikuwa umeoza, na watoto wake wanasomeshwa na samaki. Akiba yake ilitosha chombo kimoja tu. Akikosea, basi.

"Shikamoo, fundi. Nataka kayaki. Niambie ukweli, siyo biashara."

"Marahaba, mama. Faiba ni nyepesi, inakata maji, ikipasuka inazibika. Plastiki ni nzito, jua linaichosha, na gundi haiishiki. Ila inavumilia kugongwa."

"Igombe kuna visiki chini ya maji. Na mawe pale pa kutokea."

Faiba ikigonga kisiki hupasuka. Plastiki hubonyea ikarudi. Iliniuma, lakini nilimwambia, "Kanunue ndoo."

Alirudi siku ileile, anacheka. Alikuwa amejaribu kuibeba ile ya dukani, haikufika hata kiunoni.

"Fundi, bwawa umelipima, shingo yangu hukuipima. Gogo langu hakuna aliyelitaka. Hii nikiiacha ufukweni, kesho ni ya mtu mwingine. Lazima niende nayo nyumbani, na nyumbani ni nyuma ya kilima, tena niko peke yangu."

Chombo chako kinalala wapi? Mzee wa watu alikuwa ametuambia yote.

Nikamtengenezea ya faiba, matabaka machache ubavuni, mengi tumboni. Kisha nikaenda kwa fundi wa makatambuga, vile viatu vya matairi, nikanunua vipande vya tairi na kuvibandika chini ya kayaki kutoka mbele hadi nyuma. Sasa kisiki kitagonga tairi kwanza.

Tuliipeleka Igombe kwa pikapu. Kabula aliingia majini akagonga visiki makusudi, mimi nikifumba macho kila mara. Haikupasuka. Alipotoka alisokota kanga ikawa ngata, akaiinua kayaki, akaipindua kichwani, akapanda kilima bila kupumzika. Sijawahi kufurahi kazini kama asubuhi ile.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza ipi bora, plastiki au faiba, nami huwauliza swali la mzee. Kwangu jibu lilikuwa rahisi. Mgongo haubebi kitu, na rafiki yangu mlinzi wa pampu ana banda lenye kivuli palepale bwawani. Nikanunua plastiki, ya rangi ya machungwa.

Kabula hunipita majini kila nikienda.

"Shikamoo, fundi. Leo tena na ndoo?"

"Marahaba. Si nimekuja kuchota?"

Jua likipanda, hujitwika kayaki yake, perege wananing'inia mkononi, akashika njia ya kwao. Mimi hubaki kwenye ndoo yangu nikimtazama, hadi yale matairi meusi yanapopotea nyuma ya kilima.