Mtoto wa Jicho la Mwanatabu

Majirani wa Timbwani walianza kumsema Mwanatabu, dada mkubwa wa mamangu, mwaka wa themanini na nane. Ati ana maringo. Ukimpungia mkono ukiwa ubavuni mwake, hajibu, anakwenda zake. Kumbe maskini alikuwa akiona mbele tu. Sindano aliitunga uzi mwenyewe, kofia akazishona vizuri kama zamani, lakini kikombe kilichowekwa pembeni alikipiga kumbo.

Alipolalamika kwamba giza linamjia, wajuzi wa kibarazani wakamwambia ni mtoto wa jicho. "Muache akomae kwanza, ndipo akatwe," akasema jirani yake, Bi Mwanasiti. Mpaka leo nawakasirikia wajuzi wale. Mama Mkubwa akangoja. Haja yake ilikuwa moja tu: amwone Mbarak, mwanawe wa pekee, siku ya harusi yake.

Mbarak alipoposa, mwaka wa tisini na mbili, nilimpeleka Mama Mkubwa kliniki ya macho.

"Daktari, mtoto huyu hajakomaa tu?" akauliza.

Daktari akammulika mboni. "Mama, hapa hakuna mtoto."

Akatueleza taratibu. Mwanga huingia kwa mboni, ukapita kwenye lenzi, ukaangukia utando ulio nyuma ya jicho. Kutoka hapo mshipa wa fahamu hupeleka habari ubongoni, na ubongo ndio unaoona. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyoingia ukungu, nayo hutolewa. Shida ya Mama Mkubwa ilikuwa presha ya jicho: maji ya ndani ya jicho yalikosa pa kutokea, yakaukandamiza mshipa, ukafa kidogo kidogo, akapoteza kwanza vitu vya pembeni. Mshipa ukishakufa haufufuki. Dawa ya matone ingelinda kilichobaki tu.

"Sasa mimi nalikuwa nikingoja nini?" Mama Mkubwa akauliza.

Nililia mimi. Yeye hakulia.

Harusi ikaharakishwa. Mbarak alipoingizwa ndani kwa wanawake, akaketishwa kando ya mkewe, Tima, nilimsogeza mama yake mbele yao. Vigelegele vikapigwa. Mama Mkubwa akageuza kichwa huku, akakigeuza kule, akakirudisha tena.

"Mwanangu," akaninong'oneza, "nikimtazama Mbarak, mkewe simuoni. Nikimtazama mkewe, Mbarak hayuko. Hebu waambie wasongeane."

Nao walikuwa wameketi bega kwa bega.