Nyumba ya Jiwe Pasiansi Haiuzwi

Niliondoka Bukoba kwenda Mwanza kwa sababu ya swali moja. Miaka yote niliyoishi Ulaya, nikiosha vyombo mchana na kusoma jioni mpaka nikapata diploma ya upigaji picha za majengo bila msaada wa mtu, wenyeji wa huko waliniuliza kama kwetu kuna nyumba za kisasa. Sasa nimerudi, na ninaandaa maonyesho ya kuwajibu.

Kigongo–Busisi tulivuka daraja jipya. Nililipiga picha kupitia dirisha la basi, nyaya zake zimekazwa juu ya maji, na bado picha ilitoka safi. Wachache wanaliweza hilo.

Mwanza nilifikia Pasiansi, kwa Mama Koku, muuguzi mstaafu, Mhaya mwenzetu na mjane. Nyumba yake ni ya zege na vioo, imejengwa kulizunguka jiwe kubwa ambalo linaingia mpaka sebuleni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Piga, ila na mimi nitokee.”

“Picha za majengo hazina watu, mama. Ndivyo tulivyosomea.”

“Hata mwenye nyumba?”

“Hata yeye.”

Akacheka, akaingia ndani. Nikasimamisha kamera barabarani juu ya miguu yake mitatu, nikapiga mpaka jua likazama.

Asubuhi tukiwa kwenye chai, mtu na mkewe waligonga geti. Walikuja kukagua nyumba inayouzwa! Wakatuonyesha tangazo la dalali kwenye simu: nyumba ile ile, na mgongo wangu pembeni. Hawajaondoka, rafiki wa Mama Koku wa kanisani akapiga simu: “Mama Koku, benki inaiuza nyumba yako na hutuambii?” Mama akaweka kikombe chini.

Damu ilinichemka. Nikamfuata dalali aliyetangaza, nikamkuta kijiweni kwa bodaboda.

“Unauza nyumba ya mjane bila kumuuliza?”

“Braza, nilikuona jana: nyumba tupu, kamera ya miguu mitatu. Hapa wanaopiga hivyo ni sisi madalali na watu wa mnada. Ningejuaje?”

“Kwa kubisha hodi! Mimi nina diploma!”

“Haijaandikwa mgongoni, braza.”

Vijana wa bodaboda wakaangua kicheko. Alifuta tangazo mbele yangu, lakini lilikuwa limeshasambaa kwenye magrupu. Nani atafuta huko?

Niliporudi, Mama Koku alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili na kuweka kiti barazani, mguu mmoja juu ya jiwe.

“Haya, piga.”

Nikapiga. Akaisambaza kote mwenyewe: “Nyumba yangu, na mimi nimo.”

Kwenye basi la kurudi bado nilikuwa na hasira na watu wanaoona nyumba nzuri na kufikiria bei tu. Lakini nimejifunza: sipigi tena nyumba kabla mwenyewe hajatoka nje. Zile picha tupu nimezifuta. Maonyesho yataanza na Mama Koku barazani kwake, na anayeona ameharibu mistari ya nyumba, aje aniambie mimi.